Chumvi, Spiriti na Mshumaa: Mwongozo Kamili wa Mbinu Zisizozoeleka za Rangi za Maji

Wape watu wawili karatasi ya aina moja, rangi moja na chumvi moja, kisha waambie wanyunyize. Mmoja atapata vinyota vyeupe vilivyochanua ndani ya buluu. Mwenzake atapata punje zilizoyeyukia kwenye dimbwi, na rangi ikishakauka hakuna kinachoonekana. Huyu wa pili ataondoka akisema chumvi ni ujanja wa kwenye video tu. Kumbe walichopishana ni dakika mbili tatu: mmoja alinyunyiza karatasi ilipoanza kupoteza mng'ao, mwingine alikuwa na haraka.

Ufundi wote wa mbinu hizi umelala hapo. Spiriti, nailoni, mshumaa, mrija na kadi kuukuu ya plastiki ni vitu ambavyo yeyote anaweza kuvipata. Kigumu ni kujua karatasi imebaki na maji kiasi gani wakati unapoigusa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na maji, na sehemu hiyo nimeipa nafasi kubwa kuliko ambavyo msomaji mwenye haraka angependa.

Wala usidhani ni mchezo wa juzi. Miaka ya 1780, Mwingereza Alexander Cozens alichapisha njia ya kuanzisha picha za mandhari kwa madoa ya wino yaliyomwagwa nusu ovyo, halafu mchoraji anayatafutia milima na miti. Victor Hugo, ambaye wengi wanamjua kwa riwaya zake, alichora kwa kahawa, masizi na chapa za lesi. Mtu akikuambia unaharibu rangi za maji kwa kuzichezea, una wa kuwataja.

Karatasi na rangi

Ukiwa na fedha kidogo, ziweke kwenye karatasi kabla ya rangi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo hujikunja ikilowa, na maji hukusanyika mabondeni hata kama hukutaka. Karatasi ya pamba asilimia 100 hukaa na unyevu muda mrefu zaidi, kwa hiyo inakupa nafasi ya kuwaza. Ile ya massa ya mti, yaani mbao zilizosagwa kuwa rojo, hukauka upesi na huchubuka ukiisugua, lakini ina faida yake: rangi hukaa juu juu, hivyo kuiondoa baadaye ni rahisi. Nunua kidogo ya kila aina. Mbinu inayokataa kwenye moja huenda ikakubali kwenye nyingine.

Karatasi kubwa ya sentimita 56 kwa 76 ukiigawa sehemu nne sawa kila upande inakupa vipande 16 vya sentimita 14 kwa 19. Huo ndio ukubwa mzuri wa majaribio. Nyuma ya kila kipande andika kwa penseli, kabla ya kukilowesha, aina ya karatasi, rangi utakayotumia na unachotaka kujaribu. Utakapopata kitu kizuri ajabu, utataka kujua ulikipataje.

Rangi nne zinatosha kuanzia, mradi ziwe na tabia tofauti. Usitegemee jina lililo mbele ya tyubu, kwani kila kiwanda kina majina yake. Soma msimbo wa pigmenti, yaani chembe zenyewe za rangi, uliochapishwa pembeni au nyuma. PB29 ni ultramarini, buluu yenye chembe zinazozama kwenye mashimo ya karatasi na kuacha vidoadoa. PB15 ni buluu ya thalo, yenye chembe ndogo sana: hutawanyika kwa kasi kwenye maji na ikishashika karatasi haitoki kirahisi. PBr7 hutumika kwenye sienna ya kuchomwa, kahawia ya udongo ambayo mara nyingi nayo ni ya chembechembe. PV19 ni kwinakridoni, ambayo huuzwa kama waridi au zambarau, angavu na inayopenya mwanga. Kati ya hizo nne una rangi inayozama, inayokimbia, inayotulia na inayong'ang'ania. Mbinu moja ikijaribiwa kwa zote nne inakuwa kama mbinu nne.

Vingine: burashi moja pana ya kulaza rangi na moja nene ya mviringo, ubao wa kubandikia karatasi, utepe wa karatasi wenye gundi, chupa ya kupulizia maji, tishu, mitungi miwili ya maji, na vitu vitakavyotajwa mbele. Vyombo vya jikoni vikishaguswa na rangi visirudi jikoni.

Kusoma unyevu

Laza mpako wa rangi kwenye kipande cha karatasi, kisha uinamishe kichwa mpaka uone mwanga wa dirisha au taa ukiakisiwa juu yake. Usiuangalie kutoka juu. Kutoka juu karatasi iliyolowa na iliyo nusu kavu hufanana. Kwa pembeni utaona hatua tano zikipita moja baada ya nyingine.

Kwanza kuna dimbwi: ukiinua ubao, maji yanatembea. Halafu unakuja mng'ao, uso mzima unameremeta lakini hakuna kinachotiririka. Kisha mng'ao unafifia. Unaanza kuona vinyweleo vya karatasi, na mwanga unakuwa hafifu kama wa satini. Hatua ya nne ni ubaridi: hakuna mng'ao tena, ila ukiweka mgongo wa kidole karibu na ukingo unahisi baridi. Mwisho ni ukavu, ambapo karatasi ina joto sawa na meza.

Majina hayo matano, yaani dimbwi, mng'ao, mng'ao unaofifia, ubaridi na ukavu, nitayatumia mpaka mwisho, kwa hiyo yakae kichwani.

Sasa fanya zoezi ambalo kama ungefanya moja tu kwenye mwongozo huu, ningekushauri liwe hili. Kata ukanda mrefu wa karatasi, upake ultramarini nzito kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, uache ulale bapa. Mara moja dondosha tone la maji safi upande wa kushoto. Baada ya dakika moja dondosha la pili, sentimita chache kulia kwake. Endelea hivyo kila dakika mpaka ukanda ukauke. Matone ya mwanzo yatapotea bila alama. Ya katikati yatafungua maua yenye kingo zilizochongoka, makubwa halafu madogo. Ya mwisho yatakaa juu ya rangi kavu na kuacha pete tu. Huo ukanda ni rula yako: unakuonyesha, kwa karatasi yako na hewa ya chumba chako, hatua ya tatu inafika dakika ya ngapi na inadumu kwa muda gani. Siku yenye unyevunyevu mwingi angani dakika hizo huongezeka sana. Feni ikiwaka huyeyuka. Ndiyo maana sitakupa dakika za kukariri.

Yale maua yenye kingo za kuchongoka wengi hufundishwa kuyaogopa. Hutokea maji mapya yanapoingia kwenye rangi iliyoanza kukauka: yanasukuma chembe za rangi mbele yao na kuzilundika pale yanapokutana na karatasi kavu zaidi. Kwa sababu inayokaribiana na hiyo, tone la rangi likikauka huwa na ukingo mweusi kuliko katikati. Maji huvukia kwa kasi zaidi pembeni, hivyo mengine hutoka katikati kwenda kuyafidia na kubeba chembe pamoja nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliieleza kanuni hiyo mwaka 1997 wakianzia kwenye doa la kahawa. Ukishaelewa mambo hayo mawili, mengi yanayofuata hayatakushangaza.

Chumvi

Laza mpako wa rangi nzito kiasi. Buluu, zambarau au kijani iliyokolea itaonyesha vizuri. Njano hafifu haionyeshi chochote, maana hakuna tofauti ya giza na mwanga ya kuonekana. Subiri mng'ao uanze kufifia. Chukua chumvi laini kidogo kati ya vidole na uiachie kutoka juu, mkono ukiwa na urefu wa sentimita 20 au 30 kutoka kwenye karatasi, ili punje zitawanyike zenyewe. Chumvi ya mawe iweke punje moja moja.

Kisha ondoka. Usipulize, usiguse, usiweke mashine ya kukaushia nywele: joto hukausha rangi kabla chumvi haijafanya kazi yake ya kuvuta maji. Ni maji hayo yanayokimbilia punje ndiyo yanayohamisha rangi na kuacha vinyota. Chumvi laini hutoa theluji au ukungu wa nyota; ya mawe hutoa mabaka makubwa yanayofanana na kuvu juu ya jiwe.

Karatasi ikikauka kabisa, kwangua punje kwa kitambaa kikavu au ukucha, na usiache hata moja. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na punje zilizobaki zitaendelea kuilowesha picha yako miaka yote itakayokuwa ukutani.

Maoni yangu: chumvi ndiyo mbinu inayotumiwa kupita kiasi kuliko zote. Vinyota vilivyosambaa sawasawa kwenye anga nzima humwambia mtazamaji "hapa palinyunyizwa chumvi" kabla hajaona anga. Nyunyiza nyingi kona moja, chache katikati, na upande mwingine usiweke kabisa.

Spiriti

Spiriti ya hospitali yenye nguvu ya asilimia 70 au zaidi hufanya kazi kwa kanuni tofauti na ya chumvi, na hutoa alama isiyofanana na nyingine yoyote: duara jeupe lenye ukingo laini, mara nyingi na kitone cheusi katikati kama jicho la samaki.

Uso wa maji hujivuta kama ngozi. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi mvuto huo ni takriban milinyutoni 73 kwa mita, lakini wa spiriti isiyo na maji ni kama 22 tu. Tone la spiriti likitua, maji yaliyolizunguka, ambayo yana mvuto mkubwa, huivuta rangi kuelekea kwao na kuacha uwazi. Wanafizikia huuita mwendo huo kwa jina la Mwitalia Carlo Marangoni, aliyeuchunguza katika karne ya 19.

Kwa vitendo, laza mpako na uchukue spiriti kwa sirinji isiyo na sindano au pamba ya kijiti. Wakati wake ni hatua ya mng'ao, yaani mapema kidogo kuliko chumvi. Kwenye dimbwi duara litafunguka na kujifunga tena mbele ya macho yako. Kwenye ubaridi halifunguki kabisa. Dondosha tone dogo, hesabu mpaka tano, tazama. Tone la pili ndani ya duara lile lile hutengeneza pete ndani ya pete. Ukiinua mkono tone huanguka kwa nguvu na kusambaza vitone pembeni. Ukigusisha ncha ya kijiti unapata duara dogo nadhifu. Unaweza pia kuchovya burashi ya zamani na kuipigapiga kidoleni ili irushe manyunyu.

Buluu ya thalo na kwinakridoni huitikia spiriti kwa kishindo. Rangi za chembe nzito huacha duara lenye mchanga ndani yake, na binafsi nalipenda hilo zaidi, maana halionekani limetengenezwa.

Tahadhari si ya kuruka. Spiriti inashika moto, na mvuke wake pia. Fungua dirisha, weka mbali mshumaa unaowaka na jiko, usikaushe kwa mashine ya joto, na funika chupa kila baada ya kuchota.

Nailoni, shashi na majani

Nailoni nyembamba ya kufunikia chakula ni mbinu ya mvivu, na inatoa matokeo mazuri kuliko jasho lililotumika. Laza rangi mbili au tatu zikiwa bado dimbwi, ziache zikutane. Tandaza nailoni juu, isukume kwa vidole mpaka ijikunje mikunjo uitakayo, weka kitu kizito kama kitabu usichokijali, na uende zako kwa saa kadhaa. Chini ya nailoni maji yanavukia polepole na rangi hukusanyika kwenye mistari ya mikunjo. Ukiifunua ikiwa kavu kabisa unapata kingo kali za barafu au miamba; ukiifunua ikiwa kwenye ubaridi zinakuwa laini.

Mwelekeo wa mikunjo ndio unaoamua picha. Ivute wima kwa mawe ya kusimama au mashina, ulalo kwa maji.

Shashi ya kufungia vidonda huacha wavu. Ivute nyuzi zake kwanza, la sivyo itaonekana ni shashi. Majani mabichi yenye mishipa mikubwa, yakilazwa mgongo chini na kukandamizwa, huacha chapa yake kwa njia hiyo hiyo.

Nta na gundi ya mpira

Maji na nta havikubaliani, na hilo ndilo somo lote. Chora kwa mshumaa mweupe juu ya karatasi kavu, paka rangi, na palipo na nta patabaki peupe. Kwa kuwa huoni unachochora, weka taa upande mmoja iangaze kwa ulalo, mistari itang'aa. Karatasi yenye mparuzo ni bora hapa: mshumaa ukipitishwa kwa wepesi hugusa vilele tu, na unapata mmeto wa jua juu ya maji kwa mkono mmoja.

Krayoni za nta huongeza rangi kwenye alama hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchongaji Mwingereza Henry Moore aliwachora watu waliojificha chini ya ardhi London wakati wa mabomu kwa kutumia krayoni za nta na mpako wa maji juu yake. Nta ilibakiza mwanga kwenye mabega na mashuka, na rangi nyeusi ikaingia kwenye kila pengo.

Kinachosahaulika ni kwamba nta inaweza kulinda rangi pia, si weupe peke yake. Paka njano, iache ikauke, chora kwa mshumaa, paka kijani, iache ikauke, chora tena, paka buluu. Tabaka tatu zinakupa nyasi ambazo burashi ingekuchukua siku nzima. Ila kumbuka: palipopita nta hutapaka tena rangi ya maji. Kuitoa kwa pasi na karatasi ya kunyonya hupunguza tu.

Gundi ya mpira ya kuzuia rangi hufanya kazi ileile lakini huondolewa baadaye kwa kuisugua na kidole. Usiipake kwa burashi nzuri. Ukilazimika, chovya burashi kwanza kwenye maji ya sabuni. Ifurahie kwa njia za fujo: irushe kwa mswaki, au chovya uzi ndani yake na uulaze kwenye karatasi. Usiikaushe kwa joto wala kuiacha kwa wiki, maana itaondoka na ngozi ya karatasi.

Kumwaga, kupuliza, kukwaruza

Kwa kumwaga, changanya rangi tatu kwenye vikombe vitatu, nyembamba kama chai ya rangi. Bandika karatasi kwenye ubao pande zote nne kwa utepe, ilowanishe yote mpaka ing'ae, kisha mimina kila rangi sehemu yake na uinamishe ubao huku na huku juu ya sinia. Kazi yako ni kuacha mapema. Rangi tatu zikikutana mara moja zinapendeza. Ukizizungusha mara ya tano umepata matope.

Kupuliza kwa mrija hutoa matawi na mizizi: weka tone zito la rangi kwenye karatasi kavu, puliza kwa kulifuata. Pumzika katikati, kizunguzungu huja haraka. Puliza tu, usivute, na kwa kazi hii epuka rangi zenye metali za sumu kama kadimiamu au kobalti; hizo pia hazifai kupulizwa kama manyunyu hewani.

Kukwaruza kuna ujanja wa saa kuliko mbinu zote, kiasi kwamba tendo lilelile hutoa matokeo mawili yanayopingana. Chukua kadi ya plastiki au ncha ya nyuma ya burashi. Ukikwaruza kwenye mng'ao, rangi inarudi kujaza mfereji uliouchimba na mstari unakuwa mweusi kuliko jirani zake. Ukisubiri mwisho wa mng'ao unaofifia, rangi imeshakuwa nzito kiasi cha kutorudi, na mstari unakuwa mweupe. Jaribu zote kwenye kipande kimoja, ukianza kushoto na kuongeza mstari kila nusu dakika. Utaona mpaka ulipo. Kisha, rangi ikiwa kavu kabisa, wembe ukipitishwa kwa ulalo hufungua vimulimuli vyeupe vya mwisho. Mchoraji Mwingereza Turner alikuwa akikwaruza karatasi zake hata kwa ukucha.

Chapa kutoka kwenye plastiki

Hii inahitaji subira zaidi, lakini inafaa kwa anayependa mshangao. Chukua kipande cha plastiki ngumu yenye uso laini, kipake utando mwembamba wa sabuni ya maji au gundi ya mgunga, ileile inayoshikilia rangi za maji, uuache ukauke. Chora juu yake kwa rangi zako bila haraka, maana nazo unaziacha zikauke. Lowesha karatasi laini kwa dakika kadhaa, ifute kwa taulo mpaka isiwe na mng'ao, ilaze juu ya plastiki, na usugue mgongo wake wote kwa kijiko. Inua kona moja uchungulie. Kama rangi haijashika, irudishe na uongeze kusugua. Picha inatoka kinyume, kushoto kuwa kulia, hivyo usiandike maneno. Rangi iliyobaki kwenye plastiki mara nyingi hutoa chapa ya pili iliyopauka, nzuri kama msingi wa kuchora juu yake.

Wanaopenda kuteleza wanaweza kuchora moja kwa moja kwenye karatasi ya plastiki kama ile iitwayo "Yupo", iliyotengenezwa kwa polipropilini. Haifyonzi kitu. Rangi huelea, hukauka inavyotaka, na usichokipenda unakifuta kwa kitambaa kibichi hata baada ya siku. Kwa wengine ni raha; wengine hawamalizi hata picha moja juu yake.

Kuziunganisha katika picha moja

Ukishakuwa na rundo la vipande, utataka kutumia kila kitu pamoja. Jizuie: mbinu mbili, zikizidi tatu, kwa picha moja, na sehemu kubwa ya karatasi ibaki tulivu. Mpangilio wake unafuata kukauka kwa karatasi. Tuseme unataka mwamba ufukweni, wimbi likiupiga usiku. Hapa nimezidisha mbinu makusudi, ili uone kila moja inaingia wakati gani; kwenye picha yako chagua mbili au tatu kati yake.

1. Karatasi kavu yenye mparuzo: pitisha mshumaa kwa wepesi mahali ambapo mwezi utamulika maji. Rusha gundi ya mpira kwa mswaki pale povu linaporuka.

2. Lowanisha anga na bahari, acha umbo la mwamba likiwa kavu. Laza ultramarini, na thalo kidogo kuelekea kwenye upeo.

3. Kwenye mng'ao, dondosha matone mawili matatu ya spiriti juu, si zaidi. Hayo ni mwanga uliozunguka mawingu.

4. Mng'ao ukianza kufifia, chumvi laini kidogo chini ya povu tu.

5. Acha ikauke kabisa bila joto, kwangua chumvi yote.

6. Sasa mwamba: sienna ya kuchomwa na ultramarini, nzito, zichanganyikie kwenye karatasi yenyewe. Subiri mwisho wa mng'ao unaofifia, kisha kata nyuso za jiwe kwa kadi ya plastiki, kila mkwaruzo kwa mwelekeo wa mpasuko wake. Hapa ndipo mkono usitetereke. Mkwaruzo wa pili juu ya wa kwanza huua yote miwili.

7. Ikikauka, ondoa gundi ya mpira. Povu lililobaki peupe kabisa litaonekana limekatwa kwa mkasi, kwa hiyo lainisha kingo chache kwa burashi yenye maji safi.

Picha ikikataa, usiitupe kwanza. Iweke chini ya bomba na uisugue taratibu kwa sponji. Rangi inayong'ang'ania itabaki kama kivuli, na juu yake unaweza kuanza upya. Guashi, rangi nzito ya maji isiyopenya mwanga, inafunika makosa na kurudisha umbo lililopotea. Mabaki yasiyookolewa yakate vipande, yatakufaa kwa kazi za kubandika.

Ili idumu

Kuna vitu vinavyovutia kujaribu lakini havifai kwenye kazi utakayompa mtu. Dawa ya kung'arishia nguo hula nyuzi za karatasi hata baada ya kukauka. Rangi za chakula, na za maua uliyochemsha mwenyewe, kwa kawaida hupauka kwenye mwanga. Hata tyubu za dukani si zote imara: alizarini, nyekundu iliyokolea yenye msimbo PR83, inajulikana kwa kufifia, na zile waridi zinazong'aa kupita kiasi zina tatizo hilo hilo.

Pima mwenyewe. Paka mistari ya rangi zako zote kwenye karatasi moja, ikate katikati kwa urefu, nusu moja iweke ndani ya kitabu na nyingine ibandike dirishani. Baada ya miezi michache zilinganishe. Iliyofifia ibaki kwenye vipande vya majaribio.

Picha ikiwekwa kwenye fremu, kioo kisiiguse. Weka pambizo la karatasi nene isiyo na asidi katikati yake, hasa pale palipo na nta, kwani nta ikipata joto hushika kioo. Iliyochorwa kwenye karatasi ya plastiki inahitaji vanishi ya kupulizia kabla ya hapo, tabaka mbili au tatu nyepesi kutoka mbali, nje ya nyumba. Tabaka moja zito litaiyeyusha rangi uliyoisubiri ikauke.